Wimbo Uliokuwa na Andiko

Mwendwa mwanangu,

Umeenda kumuaga shangazi yako ng'ambo ya mto, na ninamjua: hatakuachilia mpaka umalize sufuria. Kwa hivyo nina mchana mzima wa kuandika. Baba yako amelala kwenye kiti na redio inajiongelea yenyewe. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kikamba unakizungumza vizuri lakini kukisoma kunakushinda, hata kama hutaki watu wa chuo wajue hivyo. Mambo ya sweta, dawa ya tumbo na nani wa kupigia simu ukifika Kitui sitayagusa. Nimeshayasema mpaka nimechoka kujisikia.

Nataka tuongee juu ya nyimbo. Usiikunje barua. Tangu Jumapili umekuwa ukinijibu "sawa Mum" kwa kila kitu, hata nilipokuuliza kama unataka chai au uji, na mtu anayejibu sawa kwa chai au uji ana hasira. Mimi pia ninayo. Lakini hasira yangu ni ndogo kuliko hofu yangu. Naogopa uondoke kesho tukiwa hivi, uende ukasomee uchungaji, halafu urudi umekomaa na jambo ambalo uliondoka ukilielewa nusu.

Wazee walipokupa nafasi ya kuaga kanisa, nilidhani utashukuru na kuketi. Ukasimama wima kama babu yako, ukasema: "Mimi naomba tu kitu simple. Kila wimbo uje na verse yake. Kama hakuna verse, hakuna wimbo. Si kila mtu asimame tu na kujitungia, hiyo si worship."

Wanaume wakatikisa vichwa kukubali. Wanawake hawakukuangalia wewe, waliniangalia mimi. Mzee wa kanisa akasema neno ni zuri, na kwamba ukirudi likizo utawaandikia utaratibu nao wataufuata. Njiani nilikuambia hujui unachoomba. Ukanijibu, "Mum, unatetea tu wamama wenzako." Hapo ndipo "sawa Mum" zilipoanza.

Sasa niseme kwanza pale uko sawa, ili usidhani mama yako ni mpinzani wa Biblia. Wimbo si kitu kidogo. Mahubiri mimi huyasahau nikifika kwa lango, lakini wimbo ninapika nao, ninapalilia nao, ninalala nao. Anayewapa watu wimbo amewapa kitu ambacho kitakaa ndani yao kuliko chochote kitakachosemwa pale mbele. Na nimesikia haya mambo mnayoimba siku hizi na kinanda, mimi, mimi, mimi, adui zangu waaibike, adui zangu waone. Huku kwetu kila mtu anaposema adui anamjua kwa jina, na mara nyingi ni wifi yake aliyeketi benchi ya pili. Kwa hivyo ukisema maneno yapimwe, nakuunga mkono. Mtume mwenyewe aliwaambia watu wafundishane kwa nyimbo, na kufundisha bila kupima ni uzembe.

Lakini kuna wimbo mmoja uliokuwa na andiko kutoka mwanzo hadi mwisho, na niliutunga mimi.

Wewe umekua ukijua kwamba Mzee Kioko wa hapo juu anaabudu kwenye kanisa la ule mlima mwingine. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini, nikakuambia hapendi kayamba. Mzee Kioko anapenda kayamba kuliko mimi. Aliondoka kwa sababu yangu, na watu wazima wote wa hapa wanajua.

Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa ngui wa kanisa. Neno hilo unalijua kwa juu juu, kwamba ni mwimbaji anayeongoza. Kazi yenyewe ilikuwa zaidi ya hiyo. Mchungaji akimaliza kusoma hadithi ya Biblia, ngui alisimama na kuiimba papo hapo, akiivalisha nguo za hapa kwetu, na kina mama wakaitikia. Mama zetu wengi hawakusoma, na Biblia waliijua hivyo. Huo mtindo ulitoka kwenye mwethya, tukichimba mashamba kwa zamu, leo kwako na kesho kwangu. Na kule kwenye mwethya ngui ana ruhusa nyingine: anaweza kumwimba mtu aliyekosea. Hamtaji jina. Anamzunguka kwa maneno mpaka kila mtu anajua, na yule mtu anacheka kwa aibu na kujirekebisha. Ni desturi nzuri ikiwa shambani, mahali mtu anaweza kukujibu na jembe mkononi. Mimi niliileta kanisani, mahali watu wameketi kimya na hakuna anayejibu.

Shamba la Kioko liko juu ya letu, unajua. Siku moja nilirudi kutoka soko la Malili nikakuta amechimba mtaro mkubwa, na mtaro umeingia kwetu. Haukuingia sana, lakini umeingia, na mbaazi zangu za ile pembe zimeng'olewa na kulazwa kando, zikiwa na maua. Baba yako alikuwa utingo wa lori la Mombasa, nyumbani anaonekana kama mgeni. Nilisimama pale kwenye mbaazi. Nikajiambia, ameona hakuna mwanamume hapa.

Ningemuuliza. Nyumba yake ilikuwa karibu hivi kwamba niliwasikia wakikohoa. Lakini nitakuambia ukweli ambao hata baba yako sijamwambia: kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshapata kiitikio. Kilikuwa kizuri, Mwendwa. Kilikuja chenyewe, na niliogopa kwamba nikimuuliza Kioko anaweza kuwa na jibu, na kiitikio kipotee. Watu wa nyimbo tuna ubaya huo. Jihadhari nasi, na ukianza kuhubiri vizuri jihadhari na nafsi yako pia.

Jumapili nilisimama nikaimba Naboti na shamba lake. Nilikuwa nimesoma ile sura mpaka naijua kwa moyo. Mfalme Ahabu anataka shamba la jirani, anakataliwa, analala amegeukia ukuta hataki kula, mke wake anamtafutia njia. Sikuongeza wala kupunguza. Kama ungekuwepo ungetikisa kichwa na kusema, huyu mama anajua Biblia yake. Kiitikio kilisema, "Shuka, Ahabu, shuka uone shamba ulilolitwaa." Kanisa liliitika mpaka mabati yakalia. Na aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote alikuwa Nduku, mke wa Kioko, rafiki yangu, kwa sababu sauti zetu zilizoeana tangu tukiwa wasichana.

Ubeti wa mwisho nilimvalisha Ahabu kofia ya kijani.

Mlima mzima ulijua kofia ya kijani ni ya nani. Watu waligeuka. Wengine walicheka kidogo, kama tunavyocheka kwenye mwethya. Nduku aliitikia mara moja zaidi kabla hajaelewa, kisha nikaona mdomo wake unabaki wazi bila sauti. Kioko aliichukua kofia yake kutoka kwenye magoti, akaivaa humo humo kanisani, akatoka na watoto wake. Nduku akafuata akiwa wa mwisho, hakuniangalia. Na mimi, Mungu anisamehe, niliketi nikijisikia vizuri mpaka jioni.

Baba yako alikuja mwisho wa mwezi. Nilimpeleka kwenye ile pembe nikamwonyesha mtaro. Akauangalia, akasema, "Ameuchimba vizuri."

Nikamuuliza, "Vizuri namna gani, na uko kwako?"

"Si mimi nilimwambia?" akasema. "Tulikutana Mtito, lori liliposimama, tukala pamoja. Akaniambia maji ya barabara yatakata shamba lake halafu letu, na njia ya kuyatoa ni kupitia hiyo pembe. Nikamwambia achimbe. Si nilikuambia?"

"Hukuniambia."

"Basi nilisahau," akasema, na akaenda kuoga.

Mvua ya msimu huo ilipokuja, iliwapiga watu wa chini vibaya. Udongo wetu haukusogea. Nilisimama mlangoni nikiangalia maji mekundu yakipita ndani ya mtaro wa Ahabu, yakienda mtoni bila kutugusa, na nilitaka ardhi inimeze.

Unaona basi, mwanangu. Wimbo ule ungepita mtihani wako. Ungeuliza verse iko wapi, ningekupa sura nzima. Ukiondoa ile kofia, kila neno lilitoka kwenye Biblia, na wimbo ulikuwa uongo. Ulimwita mwizi mtu aliyekuwa akinilindia shamba.

Nilienda kwa Kioko. Nilimkuta akinoa panga, nikaongea nimesimama kwa sababu hakuniambia niketi. Nilimwambia yote, hata habari za kile kiitikio. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Haya nimesikia," akasema. "Lakini wewe uliniimba. Watoto wangu wakienda shule wanaimbiwa huo wimbo njiani. Watoto wanaochunga mbuzi wanauimba. Sasa ukiniambia pole hapa kwa boma, hao watoto wa mbuzi wataisikia wapi? Uliimba, kaimbe tena."

Alikuwa na haki. Wimbo ukishatoka haurudishwi kwa kuongea, kwa sababu maneno ya kuongea hayatembei. Lazima utungwe mwingine, kwa sauti ile ile, ili mtu akianza ule wa kwanza ajikute ana ule wa pili mdomoni. Nikautunga. Ulisema mtaro ni wema, mwenye kofia ya kijani hakuiba kitu, na aliyekosea ni mwimbaji.

Lakini kwa sababu ya kosa langu wazee walikuwa wameshaweka sheria. Hakuna wimbo nje ya kitabu cha nyimbo, na anayetaka kuleta mpya aandike maneno yote kwenye karatasi, na andiko kando ya kila ubeti, wakae waupime. Nakuomba usome hayo tena polepole. Ni ombi lako la Jumapili, ila wao walilipata kabla yako.

Nilipeleka karatasi yangu. Mzee aliyekuwa mkuu wao, ambaye sasa ametangulia, aliisoma na miwani yake imeshuka puani. Akaniuliza, "Andiko liko wapi la kusema Kioko hakuiba?"

Nikamwambia, "Liko katika amri, mtu asimshuhudie jirani yake uongo."

"Hiyo ni ya kukataza, mama. Si ya kuimba. Lete ya Zaburi."

"Lakini huu wimbo ni kweli," nikasema. "Ule mwingine ndio ulikuwa uongo."

"Ule ulikuwa na andiko," akasema, na hakuwa anafanya mchezo. Alikuwa mtu mzuri, alitulipia bati za ile nyumba ya zamani. Alikuwa ameshika utaratibu, na utaratibu ulikuwa umemshika yeye pia. Karatasi ilikaa kwa meza yao, wakasema watakutana tena, wakakutana juu ya mambo mengine.

Nilichofanya ni hiki. Zamu ya mwethya ilipofika shamba la Nduku, nilichukua jembe nikaenda bila kuitwa. Tulikuwa tunachimba fanya juu, udongo unautupa upande wa mlima, kazi ya kuvunja mgongo. Nduku alinionyesha mahali pa kuanzia kwa kidole tu. Nikachimba kidogo, kisha nikaanza ule wimbo wa pili. Hakuna aliyeitikia. Niliimba ubeti wa kwanza peke yangu, na wa pili, kama mwendawazimu. Kwenye wa tatu nikasikia sauti ya Nduku imeingia chini ya yangu, mahali pake pa kawaida, na jembe lake halikusimama. Nililia nikichimba. Wengine wakaingia.

Kioko alikuwa amesimama juu ya ukingo na kofia yake. Tulipomaliza akasema, "Rudia ile ya mwisho. Hawa watoto hawajashika vizuri." Tulirudia mpaka watoto wakashika. Wiki hiyo wimbo wa Ahabu ulikufa kwenye njia ya shule.

Nduku alirudi kanisani baada ya muda. Kioko hakurudi. Nilimuuliza miaka mingi baadaye, akaniambia bila kinyongo kwamba kanisani ndiko alikoimbwa, na ule wimbo wa pili kanisani haukuwahi kuimbwa. Hilo ni deni langu, lakini si langu peke yangu. Kosa lilikuwa langu, na sheria ikahakikisha halirekebishiki.

Na kuna hasara nyingine ambayo hukuiona kwa sababu ulizaliwa ndani yake. Baada ya sheria hiyo kina mama waliketi. Walishika kitabu cha nyimbo, wengine kichwa chini miguu juu, na walifungua midomo. Ngui hawakutokea wapya. Ule mwaka mbaya wa ukame, mahindi yalipokauka yakiwa ya magoti, tulisimama tukaimba za shukrani kwa sababu ndizo zilizokuwa zimepitishwa. Zaburi zimejaa watu wanaomlilia Mungu na kumuuliza amelala wapi, na sisi tulikuwa na kilio na tulikuwa na Zaburi, lakini hatukuwa na mtu wa kuviunganisha kwa maneno ya hapa. Nilikuwa na wimbo tumboni mwaka huo. Niliumeza. Alipokuja mchungaji huyu wa sasa, akaiacha sheria ijifie polepole, ndipo Nduku akaanza kusimama. Mimi nilimwachia yeye uongozi, nilikataa kuwa ngui tena. Unadhani ni uzee. Ni kwamba sijiamini na kiitikio kizuri.

Sikuandikii ili uache kuuliza andiko liko wapi. Uliza. Lakini ukimaliza usiweke kalamu chini. Uliza huu wimbo unamhusu nani, na je, ni kweli, na nani atakayeishi nao sisi wengine tukienda nyumbani. Na kama mtu amekosea kwa wimbo, mwekee mlango wa kurudi kwa wimbo. Hiyo sitegemei watakufundisha chuoni, kwa sababu wao hawakuona uso wa Nduku siku ile.

Utapewa mamlaka, Mwendwa. Wazee wameshakuonyesha wako tayari kukupa kabla hujaanza hata kusoma. Mamlaka ya kuhubiri si kubwa sana, watu husinzia. Kubwa ni hii ya kusema nani afungue mdomo na nani aufunge. Nilikuwa na kipande chake kidogo na nilikitumia kwa sababu ya mbaazi. Nakupenda na ninajivunia wewe mpaka majirani wamechoka nami, na hata hivyo ninakuogopea.

Sasa jambo la kesho. Asubuhi hii Nduku alikuja na wanawake wengine. Wamekutungia wimbo wa kukuaga. Hauna karatasi. Hakuna aya kando yake. Jina lako limo, na la kijiji hiki, na sitakuambia mengine. Walitaka kuja kuuimba hapa nje ukipanda gari, lakini wamesikia maneno yako ya Jumapili, na Nduku akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwendwa atakubali?" Mtu aliyekubeba mgongoni anauliza kama anaruhusiwa kukuimbia.

Nilimwambia simjibii mtu mzima. Nimekuachia.

Ukisema wasiimbe, hawataimba. Hakuna atakayebishana nawe, wala mimi. Watakuja hivyo hivyo, wakushike mkono mmoja mmoja, wakae kimya mpaka gari lifike barabarani. Lakini uwaambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, ukimwangalia Nduku machoni. Usinitume mimi, wala usimtume baba yako.

Niliye mama yako, na nitakayekuwa nimesimama kando ya Nduku kesho nikingoja uamue.